Supu nzito ya uyoga, na watu waliotufikisha hapo

Kabla hatujaingia kwenye historia, hebu tuwashe jiko. Unahitaji uyoga robo kilo, kitunguu maji kimoja, punje mbili tatu za kitunguu saumu, siagi au mafuta vijiko viwili vya chakula, unga wa ngano vijiko viwili, maji au mchuzi wa kuku nusu lita, na kikombe kimoja cha maziwa, krimu au tui zito la nazi. Chumvi na pilipili manga kwa kadiri unavyopenda. Basi, hakuna kingine cha kutafuta. Ukiniachia nusu saa hivi, utakula. Ila njiani nitakusimamisha mara kadhaa, kwa sababu karibu kila hatua ya supu hii kuna mtu aliyeitolea jasho, na wengine kati yao majina yao hayakuandikwa popote.

Swali la kwanza: uyoga gani?

Ukiingia supamaketi Dar es Salaam au Nairobi utakuta pakiti ya uyoga mweupe wa mviringo, mfano wa vifungo vya koti. Pembeni yake huenda upo wa kahawia, na ukibahatika upo ule mkubwa bapa unaoitwa portobello, bei yake imechangamka. Kumbe aina zote tatu ni spishi moja, Agaricus bisporus. Portobello ni uleule wa kahawia ulioachwa ukakua hadi kofia ikafunguka. Na huo weupe nao una umri wake: katikati ya miaka ya 1920, Pennsylvania huko Marekani, mkulima aliona fungu la uyoga mweupe limechomoza kwenye tuta la uyoga wa kahawia. Yalikuwa mabadiliko ya jeni yaliyojitokea yenyewe. Ukakuzwa, wanunuzi wakaupenda, na leo ndio watu wengi wanaoudhani kuwa ndio wa asili.

Kilimo chenyewe ni cha Wafaransa, na kina zaidi ya miaka 400. Olivier de Serres alikieleza kwenye kitabu chake cha kilimo mwaka 1600. Mwaka 1707 mtaalamu wa mimea Joseph Pitton de Tournefort alikieleza kwa kirefu mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris: samadi ya farasi inarundikwa, inavunda, inapoa, na uyoga unachomoza. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wa Paris wakagundua kitu cha ajabu. Chini ya mji ule kulikuwa na mahandaki marefu, machimbo ya zamani ya mawe ya kujengea, yaliyoachwa wazi. Kule chini joto halipandi wala halishuki sana mwaka mzima, hewa ina unyevu, na giza si tatizo kwa sababu uyoga hauna klorofili. Haupiki chakula chake kwa jua kama mchicha. Juu mitaani kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya farasi wa mabehewa wakizalisha samadi kila siku bila kuombwa. Ukiunganisha hayo mawili unapata biashara. Ndiyo maana mpaka leo Wafaransa wanauita uyoga wa Paris, hata kama umelimwa nchi nyingine kabisa.

Lakini walikuwa na shida moja kubwa: mbegu. Uyoga hauna mbegu kama mahindi. Una vumbi laini linaloitwa spora, na kuziotesha spora kwa makusudi kulishindikana kwa karne nyingi. Walichokuwa wakifanya ni kuchukua kipande cha samadi ya zamani chenye nyuzi nyeupe za kuvu na kukipandikiza kwenye tuta jipya. Ukichukua kipande chenye ugonjwa, umepanda ugonjwa. Mkulima angeweza kupoteza msimu mzima na asijue kosa liko wapi.

Katika miaka ya 1890 Wafaransa Costantin na Matruchot walifanikiwa kupata mbegu safi iliyooteshwa kutoka kwenye spora. Hapo ungetegemea dunia nzima ishangilie. Wapi! Mbinu ilifanywa siri ya biashara, na Wamarekani wakaendelea kuagiza mbegu kwa meli kutoka Ulaya, ikifika imechoka. Aliyefungua mlango ni Margaret Ferguson, mwalimu wa mimea katika chuo cha wanawake cha Wellesley, ambaye mwaka 1902 alichapisha hadharani jinsi ya kuotesha spora za uyoga. Miaka mitatu baadaye Benjamin Duggar akaonyesha njia rahisi zaidi: huna haja hata ya spora, kata kipande kidogo cha nyama ya ndani ya uyoga wenyewe, kiweke kwenye chombo kisafi, nyuzi zitaota. (Huyu Duggar, kwa faida ya wanaodhani maisha ya utafiti yanaisha ukistaafu, alistaafu chuo kikuu, akaajiriwa na kampuni ya dawa akiwa mzee, na mwaka 1948 akatangaza ugunduzi wa antibiotiki ya kwanza ya kundi la tetrasaiklini.) Kisha mwaka 1932 James Sinden wa Pennsylvania akapata hataza ya kuotesha nyuzi za uyoga juu ya nafaka iliyochemshwa badala ya samadi.

Hilo la mwisho linakuhusu moja kwa moja. Ukinunua chupa ya mbegu ya uyoga wa mamama leo hapa Tanzania, utaona ndani ni punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe. Ni wazo lilelile la Sinden, ila nafaka ni ya kwetu. Na uyoga wa mamama, kwa maoni yangu, ndio ununue kwa supu hii kama unaupata. Unaota kwenye majani makavu ya mpunga, mabua au taka za pamba, hautaki samadi ya farasi, ni rahisi kulima hata kwenye banda nyuma ya nyumba, na nyama yake ni laini.

Haya, turudi kwenye sufuria.

Katakata uyoga vipande si vyembamba sana. Pasha nusu ya siagi kwenye sufuria pana hadi iwe moto kweli, kisha tia uyoga, na usiujaze. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Zaidi ya asilimia 90 ya uyoga ni maji. Ukirundika wote kwa mpigo, maji yanatoka kwa kasi kuliko yanavyoweza kukauka, na badala ya kukaanga unakuwa unachemsha. Chumvi nayo iache kwanza, kwa sababu inavuta maji. Subiri. Utasikia sauti ikibadilika, kutoka kuchemka kuwa kuchachatika, na kingo za uyoga zitaanza kuwa za kahawia. Harufu unayoisikia hapo ni kazi ya amino asidi na sukari zikikutana kwenye joto, jambo lililoelezwa na daktari Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Yeye hakuwa akiwaza mapishi. Alikuwa anachunguza jinsi mwili unavyotengeneza protini. Ni mwaka 1953 ndipo mkemia Mmarekani John Hodge alipokaa akapanga hatua zake moja baada ya nyingine, na watu wa sayansi ya chakula tukaanza kuitumia kila siku.

Usiogope kuchelewa. Nyama ukiipitisha inakuwa ngumu, spinachi inakuwa uji, lakini uyoga ukiukaanga dakika 5 au 20 bado una kitu cha kutafuna. Sababu yake aliigundua Henri Braconnot, aliyesimamia bustani ya mimea ya Nancy. Mwaka 1811 alichemsha uyoga kwenye kemikali kali akaona kuna kitu hakiyeyuki. Akakiita fungine. Baadaye kikajulikana kama kitini, na kumbe ndicho kilichomo kwenye gamba la kamba, kaa na, samahani kama unakula, kombamwiko. Kitini hakilainiki kwa joto la jikoni. Kwa hiyo kaanga bila wasiwasi, toa uyoga, weka pembeni, na kwenye sufuria hiyohiyo tia siagi iliyobaki na vitunguu.

Vitunguu vikilainika, nyunyiza unga na ukoroge kwa dakika mbili. Mfaransa mwingine, La Varenne, aliyekuwa mpishi wa mtu mkubwa wa wakati huo, aliandika mwaka 1651 juu ya kukaanga unga kwenye mafuta ili kuzidisha uzito wa mchuzi, wakati ambapo wengi walikuwa bado wanatumia makombo ya mkate. Mafuta yanaifunika kila chembe ya unga, hivyo ukitia maji chembe hazigandamani kuwa madonge. Maji yanapopata moto, chembe za wanga zinafyonza maji na kuvimba, na mchuzi unakuwa mzito. Tia maji kidogo kidogo, koroga, rudisha uyoga, acha ichemke taratibu dakika 10.

Wakati inachemka, nikusimulie kuhusu kopo.

Mwaka 1897 kijana John Dorrance alirudi Marekani kutoka Göttingen, Ujerumani, akiwa na shahada ya uzamivu ya kemia. Alikataa kwenda kufundisha, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha makopo alichokuwa akikisimamia mjomba wake, Campbell, mjini Camden. Mshahara wake ulikuwa dola 7 na nusu kwa wiki. Wenzangu wa uzamivu mnaosoma hapa, mezeni mate. Wazo lake lilikuwa jepesi mno: supu ya kopo ni maji tupu, na unalipia treni kubeba maji. Akaondoa sehemu kubwa ya maji, kopo likawa dogo, likauzwa senti 10, na mpishi akaongeza maji mwenyewe nyumbani. Dorrance alikuja kuwa mwenye kampuni, na alipofariki mwaka 1930 aliacha mali ya zaidi ya dola milioni 100.

Supu ya uyoga ya kopo ilitoka mwaka 1934, yaani yeye hakuiona. Na akina mama wa Marekani hawakuichukulia kama supu tu. Waliimwaga kwenye samaki, kwenye tambi, kwenye viazi, kama mchuzi uliokwisha kupikwa. Mwaka 1955 Dorcas Reilly, aliyekuwa kwenye jiko la majaribio la kampuni hiyo, aliichanganya na maharage mabichi na vitunguu vya kukaanga, akatoa sahani ambayo mpaka leo mamilioni ya Wamarekani hula sikukuu ya Shukrani. Mimi nimeionja mara moja. Inalika.

Kwa nini uyoga unafanya supu ya maji na unga iwe na ladha ya nyama? Kikunae Ikeda wa Tokyo alikuwa amejibu nusu ya swali mwaka 1908, alipopata glutameti kwenye mwani unaotumika kwa supu za Kijapani, na kuiita ladha hiyo umami. Nusu ya pili ilipatikana miaka ya 1950, pale Akira Kuninaka alipoonyesha kwamba guanileti, ambayo imejaa kwenye uyoga mkavu wa shiitake, ikikutana na glutameti ladha haijumlishwi tu, inazidishwa. Ndiyo sababu uyoga uliokaushwa una nguvu kuliko mbichi. Ukiwa na uyoga mkavu kidogo, uloweke kwenye maji baridi, na maji yale usiyamwage. Ndiyo mchuzi wako.

Na hapa nina ugomvi kidogo na hadithi niliyokusimulia mpaka sasa. Imejaa Wafaransa na Wamarekani, Mjapani mmoja mmoja. Lakini mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini anayeanika uyoga juani wakati wa mvua, akauhifadhi, akaja kuupika miezi baadaye kwa karanga za kutwanga, anafanya yaleyale yote. Kukausha ndiko kunaongeza ladha. Karanga zina mafuta na protini, zinaupa mchuzi uzito na ulaini bila unga wa ngano wala ng'ombe. Ile ni supu nzito ya uyoga, imekamilika, na haikungoja La Varenne.

Tena uyoga wenyewe wa kule ni hadithi nyingine. Uyoga wa kichuguu, ambao Roger Heim aliupa jina la Termitomyces mwaka 1942, haulimwi na binadamu. Unalimwa na mchwa. Wanakusanya majani makavu na miti, wanayatafuna, wanajenga kama sega la nyuki ndani ya kichuguu, na kuvu inaota juu yake, mchwa wanakula. Mvua zikija, kuvu inatoa uyoga juu ya ardhi, na sisi tunaiba. Mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa ya masega ya namna hiyo yaliyogeuka mawe, yaliyopatikana kwenye bonde la Rukwa, hapa Tanzania. Umri wake ni miaka kama milioni 25. De Serres na kitabu chake cha 1600, pole sana. Aina moja iliyoelezwa kutoka Zambia mwaka 1980, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufika mita moja. Na pamoja na maabara zote tulizonazo, hakuna aliyeweza kuulima uyoga huu kibiashara bila mchwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa si utani tena.

Nilikuwa likizo kwa bibi, Njombe, mvua zimeanza. Nikaona uyoga mweupe, mzuri, umesimama peke yake pembeni ya shamba la misonobari. Nikaupiga picha, programu ya simu ikaniambia unalika. Nikaukata kwa kisu kama nilivyozoea kuona kwenye video, nikampelekea bibi kwa majivuno. Akaugeuza, akautazama chini, akanitazama mimi.

"Mguu wake uko wapi?"

"Umebaki kule, bibi. Nimeukata."

"Sasa bila mguu nitaujuaje? Wewe huko chuoni wanakufundisha nini?"

Akautupa shimoni, akaninawisha mikono kama mtoto. Nilinuna. Jioni nilipofungua vitabu vyangu ndipo jasho likanitoka. Uyoga wenye sumu mbaya kuliko yote, wa jenasi ya Amanita, mara nyingi una kikombe chini kabisa ya shina, kimejificha kwenye udongo. Ukikata juu ya ardhi umeacha ushahidi shambani. Picha yangu haikuwa na kikombe, na programu isingeweza kuona kisichopigwa picha. Bibi alikuwa sahihi kisayansi, mimi mwenye shahada nilikuwa naelekea kutuua wote wawili.

Sumu yenyewe, amatoksini, haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Inazuia kimeng'enya ambacho seli hutumia kunakili maagizo ya jeni, na seli za ini ndizo huanza kufa. Ubaya wake mkubwa ni saa: mtu anakula jioni, analala vizuri, kutapika na kuharisha kunaanza saa 6 hadi 24 baadaye, kisha anapata nafuu ya siku moja au mbili, familia inashukuru Mungu, huku ini linaendelea kuharibika. Ikitokea mtu amekula uyoga wa porini akaanza kuumwa saa nyingi baadaye, mpeleke hospitali hata kama amepata nafuu, na beba mabaki ya uyoga. Na yale ya kusema ukiona konokono amekula basi ni salama, au kijiko cha fedha kikibadilika rangi ndipo kuna sumu, yaache. Konokono si wewe, na kijiko hakijui kitu.

Maarifa ya kina bibi hayakuandikwa kwa muda mrefu. Mtafiti kutoka Finland, Marja Härkönen, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao, waliwauliza wenyeji wa vijijini, wakaandika majina na matumizi, na kitabu chao cha uyoga wa Tanzania kikatoka mwaka 2003. Ni kazi nzuri sana. Lakini kitabu hakiwezi kukugeuzia uyoga mkononi na kukuuliza mguu uko wapi. Kama una bibi, mama mkubwa au shangazi anayejua uyoga, nenda naye msituni mvua hizi, na ung'oe mzimamzima. Kama huna, nunua wa kulimwa, kama mimi sasa.

Supu yako imeshaiva. Punguza moto kabisa. Ukitumia tui, tia kasimele mwisho na ukoroge upande mmoja bila kuacha. Tui ni matone ya mafuta yaliyoshikiliwa na protini ndani ya maji, na likichemka kwa fujo protini zinaachia, mafuta yanaelea, ndiyo kukatika huko ambako mpishi yeyote wa Pwani anakukemea nako. Maziwa ya kawaida nayo yatakatika ukikamulia ndimu yakiwa kwenye moto. Krimu ni mvumilivu zaidi kwa sababu ina mafuta mengi na protini kidogo. Onja, ndipo utie chumvi. Ukitaka laini kabisa, saga nusu kwenye blenda, urudishe.

Nilimpikia bibi supu hii likizo iliyofuata, kwa uyoga wa mamama na tui la nazi niliyoibeba kutoka Dar. Alikula bakuli zima kimya. Halafu akaniuliza kwa nini sikuweka karanga.